Lisiate wa Jikoni

Lisiate alikuja kwenye kikundi cha walevi akiwa na ngazi begani. Ngazi ndefu ya mbao, ambayo ukigeuka nayo vibaya unafunga barabara nzima. Mtu hahitaji ngazi ili aache pombe. Aliibeba kwa sababu Alhamisi jioni kijiji chetu chote kiko barazani, na kila apitaye lazima aulizwe anakwenda wapi. Yeye alikuwa amejiandalia jibu: anakwenda kutengeneza mfereji wa maji ya mvua kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Na kweli ule mfereji ulikuwa umelegea, maji yote yanamwagika nje badala ya kuingia kwenye tangi. Nilikuwa nimeomba utengenezwe tangu mavuno ya viazi vikuu ya mwaka uliopita, na hakuna aliyenisikia.

Mimi ndiye ninayeshika funguo za ukumbi ule, na ndiye ninayepika chai. Naitwa Losaline. Nilizaliwa kisiwa cha Vava'u, nikaolewa huku Tongatapu, kisiwa kikuu cha nchi yetu, mume akafa, nikabaki. Kazi ya chai sikupewa kwa utamu wa chai yangu. Nilipewa kwa sababu hapa kijijini sina ndugu. Kwetu mwanamume hakai mahali ambapo dada yake atasikia maneno ya aibu, na dada vilevile. Hata televisheni hawaangalii pamoja, lisije likatokea la kutokea. Na dada si yule mliyezaliwa tumbo moja tu. Mtoto wa ami ni dada, wa mjomba ni dada, wa mama mdogo ni dada. Kijiji kizima ni kaka na dada watupu. Sasa nenda ukaanzishe mahali kama hapo kikundi cha watu kukaa pamoja na kueleza walivyolewa!

Lakini Penisoni alikianzisha. Penisoni ni mzee wa kutoka visiwa vya mbali, kule Niua, aliyekuwa fundi wa injini kwenye meli mpaka pombe ikamshusha melini. Naye hana ndugu hapa. Kila Alhamisi, kabla mtu hajafungua mdomo, anauliza kama wanavyouliza wanaume kwenye vilabu vya kava, kile kinywaji chetu cha mizizi kisicho pombe, kabla ya kuanza mizaha: "Kuna mtu na dada yake humu?" Kama yupo, mmoja anatoka, anarudi wiki inayofuata. Ndivyo tulivyokuwa tukienda, tukichechemea.

Yanayosemwa mle hayatoki. Haya ninayoyasema nayasema kwa ruhusa ya wenyewe, na niliwauliza zaidi ya mara moja.

Lisiate alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mkulima wa viazi vikuu na mihogo, mikono mikubwa, sauti ndogo. Alipokuwa hajanywa ungemwachia nyumba na ufunguo. Akinywa, alikunywa hopi, ile pombe ya hamira na sukari inayopikwa kwenye ndoo vichakani, nami asubuhi nilikuwa naamshwa na harufu yake tu. Kijiji kilimvumilia miaka mingi. Kilichomwangusha ni msiba wa shemeji yake.

Shemeji yake huyo, Sitiveni, alikuwa mume wa Kalolaine, dada yake Lisiate. Dada pekee. Kalolaine ni mwalimu, mwanamke aliyenyooka, anayeongoza wamama wa kanisa na ambaye watoto wakimwona kwa mbali wanachomekea mashati. Sitiveni alipofariki, Lisiate akafanya la kaka: akaenda nyuma, jikoni, kwenye tanuri la shimo, tunaloliita umu. Kwenye shughuli ya dada, kaka hakai mbele. Kaka anavaa mkeka mchakavu kiunoni, anachoma mawe, anafukia nguruwe, anapakua, na hiyo ndiyo heshima yake. Hakuna anayemwona, ila chakula kikitoka kizuri kila mtu anajua kaka yupo.

Siku ile kaka alikuwa na ndoo ya hopi nyuma ya mti. Alifukua umu kabla ya wakati wake, na nguruwe wakapelekwa mbele wakiwa wabichi. Si wabichi kidogo. Mchungaji mgeni alikata kipande, damu ikatiririka kwenye mkeka. Wakwe wa Kalolaine walikula nyama ya makopo siku ya kumzika mtoto wao, na walihakikisha kila mtu anasikia wanavyofungua makopo.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Nguruwe Mbichi. Watoto walimfuata barabarani wakimwimbia: "Mjomba! Mjomba, leo umeiva?" Na yeye, badala ya kuwafukuza, alikuwa anainamisha kichwa na kuharakisha. Aliniambia baadaye kwamba aliona wana haki. "Mama Losaline," alisema, "nikimwona dada yangu barabarani siwezi kumtazama. Zamani nilikuwa simtazami kwa heshima. Siku hizi simtazami kwa aibu, na watu hawaoni tofauti."

Ungedhani aibu kama hiyo inamfanya mtu aache. Haifanyi. Alikunywa zaidi, na kila akinywa aliona aibu, na akiona aibu alitafuta ndoo. Mke wake, Vika, aliyetoka visiwa vya Ha'apai na asiyetishia mara mbili, alimwambia mbele yangu kwenye ukuta wetu: "Kuna kile kikundi cha Penisoni. Nenda. Ukikaa, tunakaa. Ukikiacha, mimi na wanangu tunapanda meli, na usije bandarini kutuaga, maana utatuaibisha hata huko."

Basi, akaja na ngazi.

"Mama Losaline, nimekuja kuangalia mfereji," alisema, amesimama mlango wa jikoni.

"Mfereji uko nje. Mbona unachungulia ndani?"

"Naangalia kama... kama unavujia ndani."

"Lisiate, juzi nimekukuta umelala juu ya mihogo yangu, umekumbatia jembe. Mimi na wewe tudanganyane mfereji? Weka hilo lingazi lako ukutani, uingie."

Akaingia. Akakaa kwenye mkeka karibu na dirisha, dirisha letu la mbao lisilo na kioo, magoti ameyakusanya. Penisoni akauliza swali lake. Watu wakatazamana. Hapakuwa na dada wa mtu. Zamu ilipomfikia Lisiate, Penisoni alimwambia mgeni hashurutishwi, chai ipo, anaweza kunywa chai tu. Lakini Lisiate alikuwa amejikaza njia nzima, na aliona asiposema palepale hatasema tena.

"Naitwa Lisiate," alisema. "Mnanijua wote. Mimi ndiye Nguruwe Mbichi."

Watu wakacheka, kicheko cha watu ambao kila mmoja ana nguruwe wake. Nikaona mabega yake yameshuka. Alifungua mdomo aendelee, na mlango ukafunguliwa, akaingia Kalolaine, mkeka safi kiunoni, vazi letu la heshima, kikapu mkononi, akiomba radhi kwamba kikao cha walimu kimechelewa kuisha.

Sijawahi kuona mtu mnene akipita dirishani namna ile. Kule nje aliiangukia ngazi yake mwenyewe, ngazi ikaangukia debe la takataka, na tukasikia miguu inakimbia kuelekea mashambani. Kalolaine alisimama katikati ya ukumbi, uso umemwiva. Kisha naye akageuka, akatoka kwa mlango. Mmoja dirishani, mwingine mlangoni, na sisi tukabaki tunatazamana na chai.

Nyie msomao mmeshaelewa. Lisiate hakuelewa. Hapo ndipo mtu wa kwetu anapokosea kosa ambalo wengine hawawezi kulikosea. Hakuwaza hata dakika moja kwamba dada yake angeweza kuwa mlevi. Kwetu dada ni mkubwa kuliko kaka, ana cheo kwa kuzaliwa kwake, na unachokiheshimu namna hiyo huwezi kukitazama vizuri ukakiona. Lisiate aliamini kabisa kwamba wamama wa kanisa wamemtuma Kalolaine aje athibitishe kwa macho aibu ya kaka yake. Au mbaya zaidi, kwamba amekuja kumwombea, na kikapuni mna mkate.

Akazama tena kwenye hopi, huko shambani, harudi nyumbani. Vika akaanza kufunga mizigo. Niliona magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, na watoto wamevaa viatu siku isiyo Jumapili.

Nami nilijua, na sikuweza kusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye kata la ukumbi ule. Kalolaine alikuwa akija kwetu tangu miezi kadhaa baada ya msiba; siku ile alichelewa mpaka nikadhani haji. Nilikuwa nimeshamsikia. Nilijua chupa ilikokuwa ikikaa, ndani ya kasha la vitambaa vya Jumapili, na nilijua duka la kijiji cha mbali alikokuwa akienda kununua, amejitanda kitambaa usoni. Nilimeza yote hayo.

Penisoni ndiye aliyesema twende shambani. Tukamkuta Lisiate amekaa kwenye tuta, macho mekundu, shati limegeuzwa ndani nje. Alipotuona alitaka kuinuka, miguu ikamkatalia.

"Yule mtu uliyemkimbia," Penisoni alimwambia, "hakuja kwa ajili yako."

"Alikuja kufanya nini basi? Kufagia?"

Penisoni akakaa chini kwenye udongo, pembeni yake. "Alikuja mahali pake," akasema. "Kama wewe ulivyokuja pako."

Lisiate alimtazama. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mihogo. Niliona neno linavyomwingia polepole, na lilipofika akavuta shati lake akafunika uso wote, akabaki amefunikwa hivyo.

"Usiniambie zaidi," akasema ndani ya shati.

"Sijakuambia kitu," alisema Penisoni.

Alilia. Sitasema alilia vipi. Alipomaliza, alijifunua, akasema kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu: "Basi ni rahisi. Mimi ndiye natoka. Yeye ni mkubwa. Mahali ni pake. Mwambieni Vika nimejaribu."

Hapo nikashindwa. Mimi si mtu wa subira, hata marehemu mume wangu alikuwa akinipigia kelele hivyo kutoka kwenye deki la meli, mimi niko gatini.

"Na yeye ameshasema hivyohivyo!" nikamfokea. "Jana kaja jikoni kwangu kasema anakuachia wewe nafasi, eti kaka yake ana watoto. Haya, tokeni wote wawili! Tokeni kwa heshima, mkafe kwa heshima, na mimi nitawapikia chai ya misiba miwili kwa heshima!"

"Mama Losaline," Penisoni akaninong'oneza, "umesema mengi."

"Ndiyo nimesema! Kikundi kiko kimoja kisiwa kizima, nisiseme?"

Lisiate alichokonoa udongo kwa kidole. Halafu akauliza, bila kututazama: "Kwenye shughuli ya dada, kaka anakaa wapi?"

"Jikoni," nikajibu. Swali gani hilo?

"Basi niwekeni jikoni."

Ndivyo ikawa. Jikoni kwangu kuna kidirisha cha kupitishia vikombe kwenda ukumbini. Tukakitundikia kipande cha kitambaa cha magome, kizee, chenye michoro iliyofutika. Kalolaine anaingia kwa mlango wa mbele, anakaa mbele. Lisiate anakuja na ngazi yake kwa mlango wa nyuma, anapuliza moto, anachemsha chai, anapanga vikombe. Kama wanaume wa kwetu wanavyofanya msibani, tofauti ni kwamba safari hii hakuwa na ndoo nyuma ya mti. Vika alikunjua magodoro, ila kamba hakuitupa. Aliitundika msumarini pale ambapo mumewe ataiona akiamka.

Zamu zikizunguka ukumbini, Penisoni anaita mwishoni: "Na jikoni?" Hapo Kalolaine anainuka, anakwenda kukaa kwenye kibaraza cha nje, mbali, mpaka kaka amalize. Na kaka anasema nyuma ya kitambaa maneno mawili matatu. Kwamba wiki imekuwa ngumu. Kwamba jana amepita karibu na ndoo ya watu akashika njia nyingine. Ya nguruwe hakuyagusa tena. Ule mdomo uliofunguka siku ya kwanza ulikuwa umefungwa.

Na zamu ya Kalolaine? Hapo ndipo tulipogombana. Kitambaa hakizuii sauti. Dada akianza kusema, Lisiate alikuwa anafungua bomba. Analifungua lote, maji yanaunguruma kwenye sinki la bati, na yeye ameinama juu yake ameziba masikio, mpaka Penisoni agonge ukuta kwamba imekwisha. Kila Alhamisi! Maji ya tangi! Maji ambayo kanisa zima linayategemea, yanaingia kwenye mtaro na bata wanaoga.

"Lisiate, tangi haliingizi kitu, linatoa tu. Mfereji umekatika."

"Nitautengeneza."

"Lini? Kila Alhamisi unakuja na ngazi."

"Nikiutengeneza, Alhamisi nyingine nitakuja na sababu gani?"

Barazani nako hawakumwacha. Wanaume wa kava walikuwa wakimpokea kwa mbali: "Huyo! Fundi mkuu! Mfereji gani huo, baba, unatoka hapa mpaka Nyuzilandi?" "Si umuoe tu huo mfereji!" Yeye anacheka kidogo, anainamisha kichwa, anapita, na ngazi inamgonga shingoni. Usiku Vika alimkanda bega.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Mvua mbili tatu zilizonyesha zilimwagika nje ya mfereji, nikazitazama zikipotea, nikatukana. Kisha hata hizo zikaacha.

Ikaja Alhamisi moja yenye joto, madirisha yote wazi. Zamu ya Kalolaine ikafika. Nilikuwa nimesimama kwenye kidirisha, nusu ukumbini, nusu jikoni, trei mkononi. Lisiate akafungua bomba. Likakohoa. Likatema matone ya kutu, likatoa pumzi ndefu, likanyamaza.

Alilizungusha mpaka mwisho. Hakuna. Alichukua vifuniko viwili vya sufuria akavigonganisha, na huko ukumbini Kalolaine akanyamaza. Sote tulisikia anavyonyamaza. Vifuniko vikagonga tena, mara moja, vikaacha. Mtu hawezi kupiga ngoma ya vifuniko nusu saa wakati dada yake anangoja.

"Endelea, Mwalimu," Penisoni akasema.

Nilimwona Lisiate anashika komeo la mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa wazi kwake, uwanja mtupu, jua linakuchwa. Angeweza kutoka na hakuna ambaye angemlaumu. Wakati huo ndipo Kalolaine alipotaja neno "kaka yangu."

"Siku tunamzika Sitiveni," alisema, "nilikaa kichwani pake tangu alfajiri. Mikeka ya msiba ilinifunika mpaka puani. Watu wakasema, mtazameni mjane anavyoyumba kwa uchungu. Haukuwa uchungu ulioniyumbisha. Nilikuwa na chupa ndani ya mikeka ile, imeegemea jeneza la mume wangu. Nikasikia kelele nyuma. Nguruwe wametoka wabichi. Wakwe zangu wakaanza kumtukana kaka yangu, na mimi nikashukuru. Nilimshukuru Mungu, jamani, kwa maneno. Nilisema, wacha wamtazame yeye, hawatanitazama mimi. Mimi ndiye mjane. Ningesema nyamazeni, wangenyamaza. Neno moja tu. Sikulisema. Na mpaka leo wanafunzi wangu mwenyewe wanamwimbia njiani, wananiona, wananiamkia, wanaendelea kumwimbia, na mimi napita."

Hakuna aliyegusa kikombe. Nikageuka jikoni. Lisiate alikuwa ameachia komeo, amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kifuniko cha sufuria mapajani.

Nilimwuliza baadaye alijisikiaje, maana mimi ningevunja kitu. Alisema hasira ilimpanda kwanza, tena kali, ya miaka yote ile ya kuinamisha kichwa. Halafu ikamtoka, ikabaki aibu. "Ya kwangu nimeizoea," alisema. "Ya kwake ndiyo iliyoniumiza. Nilitamani bomba litoe maji, hata ya kutu."

Penisoni alimshukuru Kalolaine. Zamu zikamalizika. Akaita kama kawaida: "Na jikoni?"

Kalolaine akainuka, akajifunga mkeka wake vizuri kiunoni, akaanza kwenda kibarazani. Alikuwa anatembea haraka kama mtu anayetaka kufika mahali aanguke.

Sauti ikatoka nyuma ya kitambaa.

"Mwambieni Mwalimu asitoke. Nje kuna mbu."

Jamani. Miaka yangu yote katika nchi hii sijasikia kaka akisema hivyo mahali kama pale. Watu waliinamisha vichwa wote pamoja, mimi pia. Kalolaine alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Mbu walikuwepo kweli. Kisha alirudi, akakaa mahali pake, akavuta kitambaa cha begani akajifunika kichwa chote.

"Naitwa Lisiate," sauti ikaendelea. "Mimi ni mlevi. Tangi limekauka." Akakohoa. "Wale nguruwe niliwafukua mimi. Nilikuwa nimelewa, mawe hayajafanya kazi yake, watu waliniambia subiri, nikawatukana. Nilimwaibisha dada yangu siku ya kumzika mumewe, na sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu siwezi hata kulitaja jambo hilo mbele yake. Nalitaja hapa. Na kuna lingine. Kama kuna mtu anadhani ana sehemu yake katika nguruwe wale, anajisumbua. Kama ana mzigo wake, abebe wake. Nguruwe nabeba mimi."

Chini ya kile kitambaa ikatoka sauti. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na hakuna aliyekwenda kufunua.

Siku ya pili yake, mchana kweupe, watu wote barazani kwa ajili ya joto, Lisiate alipita na ngazi.

"Fundi mkuu! Leo si Alhamisi!"

Akasimama. Akaishusha ngazi begani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Leo ndiyo naenda kuutengeneza," akasema. "Siku zote nilikuwa nakwenda kwenye kikundi cha walevi."

Wanaume wakatazamana. Mmoja wao, mwenye bakuli la kava mkononi, akajikuna shingo. "Tunajua, Lisiate," akasema. "Hata nguruwe wa kijiji hiki wanajua."

Ngazi yote ile, bega lote lile! Alitazama chini akaona aibu upya, kisha akacheka mpaka akalazimika kuikalia ngazi. Halafu akaja kwangu akapanda juu, akapigilia mfereji misumari, na nilimshikia ngazi mimi, nikimlaumu kwa kila msumari aliokosea.

Kalolaine naye alifanya lake. Jumatatu asubuhi, watoto wamejipanga mstari, aliwaambia kwamba yeyote atakayemwimbia mtu nguruwe barabarani atakuja kumwimbia yeye kwanza, ofisini, aya zote. Hakueleza sababu, na wimbo ukafa siku hiyohiyo.

Wenyewe wawili hawajawahi kuzungumza neno hata moja juu ya Alhamisi ile, na hawatazungumza. Wakikutana njiani bado Lisiate anainamisha kichwa na kumpisha. Ukumbini bado anakaa jikoni, nyuma ya kitambaa, na anakuja mikono mitupu. Kamba ya Vika haipo tena msumarini, nimeiona inafungia kuni. Mvua zimerudi, tangi limejaa mpaka linafurika, maji yapo ya kuchezea. Zamu ya dada yake ikifika, Lisiate anakaa sakafuni karibu na birika, na bomba analiacha limefungwa.